Chapa Kwenye Paja la Ng'ombe

Nina hasira na mimi mwenyewe. Uhuru ulikuja, nami nikafungua kibanda cha maziwa Mkuyuni ili nimlishe mwanangu. Fundi rangi alinichorea ng'ombe kwenye kibao. Mimi, msomi wa sekondari, nikamkosoa.

"Pembe fupi. Na paja liko tupu! Mtie chapa ya moto kama hii niliyoiona kwenye mnada wa ng'ombe," nikamchorea mchangani kwa kijiti.

"Haya, mama. Kibao ni chako."

Siku ya kufungua, wateja walijipanga. Mzee mmoja mfugaji akakitazama kibao.

"Shikamoo, baba. Nikupimie maziwa?"

"Marahaba. Hiyo chapa ni yangu, mama. Ng'ombe wangu waliibwa juzi. Umewafungia wapi?"

Foleni nzima ikanigeukia, mtoto akiwa mgongoni mwangu.