Kikwembe usoni, upepo mpaka Karuba

Tulikuwa watu watatu juu ya kinga mbili, yaani baiskeli: mume wangu Bauma, baba yake Papa Kibira, na mimi, bibi-arusi wa juzi. Mama mukwe, Mama Nyota, alitungojea Karuba. Kwetu mukamwana, mke wa mtoto, hagusi baba mukwe hata kwa kidole, wala hatamki jina lake, wala wao wawili hawasemezani. Akikosa heshima ile, anarudishwa kwao.

Kutoka Kitshanga upepo ulitupiga mchana kutwa. Mimi na heshima yangu nilijifunika kikwembe mpaka machoni. Kwenye mlima wa mwisho tulishuka, wanaume wakasukuma, wote wawili ndani ya makabuti ya kufanana. Kule juu kinga moja ikaanza kuteremka. Nikaogopa kuachwa, nikaruka nyuma, nikamkumbatia muntu wangu kwa nguvu.

Upepo ulikuwa unakula sauti, basi nikamlilia sikioni: "Baba yako ule! Kinga anaiosha kila asubuhi, yeye mwenyewe haogi! Kibira gani huyu?"

Hakujibu neno. Nikasema moyoni, huyu njo mume mwenye adabu.

Tulipofika, Mama Nyota akapiga kelele: "Weye, achilia bwana yangu! Wako iko nyuma, anakimbiza kinga!"

Nikafunua uso. Papa Kibira alikuwa ametazama ukuta. "Mama Nyota," akasema polepole, "umuambie mukamwana wako, nilioga Jumapili."

Kama alisema Jumamosi, ninyi wazee wa Karuba muliokuwa pale munisahihishe.