Kopo la Maji ya Sabuni

Jina la Mama Kopo alibandikwa na wifi yake, kwa kejeli. Kila asubuhi, wadudu wakiwa bado wamezubaa kwa baridi, aliingia shambani kwake na kopo kuukuu la rangi, ndani yake maji ya sabuni.

Maharage aliyopanda humo, meupe yenye madoa mekundu, aliachiwa na mama yake mzazi, na hakuna mwingine aliyebaki na mbegu yake. Yakiliwa, basi tena. Na walaji hawakukosekana: mbawakawa wadogo wa rangi ya chungwa, vichwa vyeusi, waliotoboa majani yakawa kama chekeche.

Msimu wa kwanza walimchezea shere. Kila mdudu aliyeguswa alidondoka chini, miguu juu, kimya. Mama Kopo akadhani kazi imekwisha, akarudi nyumbani kifua mbele. Kumbe alipogeuka tu, maiti wale waliamka wakaendelea kula. Alivuna vikombe viwili, akalia kwa hasira. Lakini hakupika hata punje moja.

Msimu uliofuata alitanguliza kopo chini ya jani, kidole kikafuata. Mdudu akijifanya amekufa, anatumbukia kwenye sabuni. Huko hana ujanja.

"Wifi, unawaogesha?" wifi yake alimpigia kelele kutoka shamba la pili. "Mimi nina dawa. Saa sita mchana napuliza mara moja, nakwenda zangu kivulini."

"Saa sita wamepata joto, wifi. Wataruka."

"Waruke waende kwao!"

Waliruka kweli, na dawa ilipokauka wakarudi. Shamba la wifi likabaki vijiti. Mama Kopo alijaza debe zima, na nikisema hakuringa nitakuwa mwongo. Aliringa, na alistahili.

Wakati wa kupanda ulipofika, wifi alipiga hodi, macho chini.

"Wifi yangu, nimekuja kuomba mbegu."

Mama Kopo angeweza kumsema mpaka jioni. Maneno alikuwa nayo tele. Badala yake alichukua lile kopo, akalifuta kwa khanga, akalijaza maharage hadi ukingoni.

Wifi alilipokea kwa mikono miwili. "Asante. Kopo nitakurudishia kesho."

"Kaa nalo, utalihitaji. Mimi nina jingine," alisema. "Sasa Mama Kopo tuko wawili."