Kadi Juu ya Kioo cha Kinyozi

Kinyozi huyu, tuseme ukweli, alipenda kupendwa. Si kosa kubwa, wengi tunaugua ugonjwa huo, ila yeye aliutundika ukutani. Kila Desemba alifunga uzi juu ya kioo kikubwa cha duka lake, kutoka msumari hadi msumari, na kila kadi ya Krismasi iliyoingia aliichomoa kwenye bahasha, akaitazama picha, akaining'iniza kwenye mkunjo wake kama nguo kwenye kamba. Bahasha zilitupwa kapuni pamoja na nywele. Mteja akishafungwa shuka shingoni hana pa kutazama ila kioo, kwa hiyo kadi hakuna aliyezikosa.

"Mwaka huu zimefika thelathini na nane," kinyozi alikuwa akisema kabla hajaulizwa. "Na siku hizi watu wanatumiana salamu kwa simu tu! Lakini mimi bado wananiandikia."

Hakuwa mtu mbaya. Mkono wake ulikuwa mwepesi, watoto hawakumlilia, na kanisani alikuwa mzee wa kanisa anayeaminika. Jumapili ile ya kufunga msimu wa Krismasi mchungaji alimpa dakika kumi za kutoa neno, naye akatumia ishirini. Alisema tutakwenda nyumbani kushusha mapambo, na ni sawa, nyota tuzirudishe kwenye maboksi, lakini ujumbe tusiufungie humo. "Wako waliomtazama mtoto horini wakasema mzuri," alinguruma, "kisha wakaenda zao, hawakumuuliza amekuja kutuambia nini!" Akina mama wakaitikia amina, naye akarudi nyumbani kichwa kimemvimba.

Jumatatu duka huwa limefungwa. Asubuhi hiyo aliingia peke yake, mkononi ana boksi la viatu la kuhifadhia kadi. Kwa kuwa hakuwa na haraka, aliona leo azisome. Ndiyo, msomaji, umesikia vizuri. Kadi thelathini na nane, mwezi mzima juu ya kichwa chake, na alikuwa hajafungua hata moja.

Ya kwanza ilikuwa heri na baraka. Ya pili heri na baraka. Ya tatu ilitoka kwa muuza sabuni, imechapwa yote, hata sahihi. Kisha akaifikia ya katikati, yenye picha ya mshumaa, ile aliyoipenda kuliko zote na kuiweka mahali pa heshima. Ndani, herufi zilikuwa zinapanda na kushuka kama za mtoto wa darasa la kwanza.

"Mwanangu. Mkono wangu sasa unatetemeka, wembe haushikiki. Nataka niende kanisani siku ya Krismasi nikiwa nimenyolewa. Simtaki kinyozi mwingine. Njoo kabla ya sikukuu, siku yoyote, mimi nipo."

Ilikuwa ya Baba Fundi, mzee aliyemfundisha kazi. Huko kwingine wanafunzi walijifunzia kwenye vichwa vya watoto wa jirani, wasio na wa kuwatetea. Baba Fundi alikaa mwenyewe kwenye kigoda, akainamisha kichwa chake, akamwambia kijana asiyejua hata kushika mkasi, "Haya, anza."

Kinyozi aliketi kwenye kiti cha wateja. Kadi ilikuja mapema Desemba. Krismasi imepita, mwaka mpya umepita. Siku ya Krismasi alisimama mlangoni mwa kanisa akipeana mikono na wageni, na hakuona kwamba mwalimu wake hayupo. Alipoinua macho alijikuta uso kwa uso na kioo chake, na kwa mara ya kwanza hakupenda alichokiona. Aibu ilimpanda kuanzia shingoni mpaka masikioni, na hakuna aliyekuwa anamtazama. Maneno yake ya jana yalimrudia yote, pamoja na amina zake.

Akatia wembe, brashi na sabuni kwenye mkoba, kadi mfukoni, akatoka. Na njiani, badala ya kutubu, alitunga uongo.

Binti wa mzee ndiye aliyefungua mlango. "Karibu, kaka," alisema, bila tabasamu. "Yupo dirishani. Anakaa hapo tangu kabla ya sikukuu."

Mzee alikuwa na ndevu nyeupe zilizofunika mashavu. Alipomwona, uso ulichanua. "Mwanangu! Nilijua utakuja."

"Shikamoo, Baba. Kadi yako imenifikia jana tu."

"Hee?"

Masikio ya mzee yalikuwa yamechoka. Ndiyo maana simu hazikumfaa. Kinyozi akalazimika kuupaza uongo wake: "Kadi! Imenifikia jana!" Sauti ilijaa chumba, ikaingia mpaka jikoni, na huko sufuria zikanyamaza.

Mzee aliitikia kwa kichwa, akakaa sawa. Kinyozi akamfunga taulo, akakoroga povu, akampaka taratibu.

"Krismasi ulikwenda kanisani, Baba?" aliuliza kwa nguvu, akijua jibu.

"Nikaonekane na ndevu kama ufagio, kinyozi mzima? Nilikaa hapa, nikaimba peke yangu." Mzee alicheka kidogo, kisha akafikiri. "Ila jana hiyo inanishangaza. Dada yako hapa alipita dukani kwako wiki moja kabla ya sikukuu, akaniambia ameiona juu kabisa, katikati. Nilifurahi! Nikasema, akiiweka pale, basi imemgusa, kesho atakuja. Kesho yake nikasema hivyo hivyo."

Wembe ulisimama hewani. Binti alikuwa amekuja kusimama mlangoni, mikono ina maji, macho hayatoki kwa kinyozi.

"Labda aliona ya mtu mwingine," mzee alisema, akimtafutia pa kutokea. "Kadi zenyewe zinafanana. Labda hata macho yake yanazeeka kama masikio yangu."

Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu, "labda," na mambo yangeisha. Kinyozi aliweka wembe chini, akapiga goti mbele ya kiti ili mzee amwone mdomo, na kwa kuwa hakuna namna ya kumnong'oneza kiziwi, akapaza sauti: "Si ya mtu mwingine, Baba! Ni hiyo hiyo! Niliitundika bila kuifungua! Nilipenda picha!"

Nje mtu aliyekuwa anafagia aliacha kufagia. Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi haikuwa na habari naye.

Mzee aligusa kwa kidole povu lililoanza kukauka mashavuni. "Mshumaa ni mzuri," alisema mwishowe. "Unayo hapo?"

"Ninayo."

"Nisomee. Mkono uliniuma siku mbili kwa kuiandika, acha nisikie imetokaje."

Akaisoma kwa sauti ya juu, kila neno, mpaka "mimi nipo." Akaikunja.

"Geuza nyuma," mzee akasema.

Hata asubuhi ile dukani, machozi yakimlengalenga, hakuwa ameigeuza. Nyuma kulikuwa na mistari miwili iliyoteremka mpaka pembeni mwa karatasi. Alianza kusoma: "Na usiogope kunikata. Uliponinyoa mara ya kwanza ulinikata mara saba, na kesho yake..." Hapo sauti ikamkatika.

"Hee?" mzee aliuliza, akatega sikio. "Sikusikia. Anza tena."

Akaanza tena, kwa nguvu zaidi: "Uliponinyoa mara ya kwanza ulinikata mara saba, na kesho yake nilikaa tena."