Sindano Aliyoidai Mama Alphonsine

Mama Alphonsine aliuza ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika, mjini Kalemie, na ulimi wake ulikuwa mwepesi. Mteja akilalamika kwamba samaki wana mchanga, humjibu, "Papa, muchanga ni wa bure, sikulipishi." Jambo moja tu halikumtoka kinywani: kisa cha mguu wa binti yake Émérence, ambao unyayo wake uliburuzika chini.

"Homa njo ilikula mguu," alizoea kusema, yaani homa ndiyo iliyouharibu, na watu waliamini.

Jioni moja Émérence alirudi kutoka shule, ambako aliitwa kwa jina la mababu, maana Zaire ilikuwa imepiga marufuku majina ya Kizungu. Mama alikuwa akipepeta ndagala. Mama mkwe wake, Koko Louise, alimbembeleza Florent, mtoto mchanga aliyechemka kwa homa.

"Mama, unajua Bendera?"

"Kule umeme inatoka? Nani hajui?"

"Basi ubongo njo Bendera ya mwili. Waya zinashuka ndani ya mugongo, halafu zinaachana, mpaka kwenye vidole. Mwalimu anaziita neva. Lakini zinashinda umeme, zinapeleka na kurudisha. Ukikanyaga kaa la moto, neva moja inakimbia kusema tunaungua, ingine inaleta amri: inua mguu!"

"Na waya ikikatika?" Koko akacheka.

"Nyama iko, mufupa iko, lakini amri haifiki. Kama taa ya kwetu." Akajipiga tako. "Ile nene kuliko zote inapita hapa. Mama, homa iliingia wapi kukata yangu?"

Ungo ukatulia mikononi mwa Alphonsine. Émérence alipokuwa mdogo na kushikwa na homa, Papa Isidore, muuguzi wa mtaa, alikuwa ameleta vidonge vya kinini. Yeye akavikataa, kwake dawa ya kweli ilikuwa ile inayouma. Alimsihi muuguzi, akamtania, mwishowe akamtukana mpaka akatoa sindano. "Mushike miguu na nguvu," Isidore alimwambia. Mtoto alipopiga kelele, huruma ikamlegeza mama mikono. Mtoto akajipinda, sindano ikaenda kando, palepale Émérence alipojipiga sasa hivi. Kesho yake unyayo haukuinuka.

Hodi ikabishwa. Alikuwa Isidore yuleyule, sasa mwenye mvi, na kisanduku chake.

"Njo mimi nimemuita," Koko alisema, akifunua tako la Florent. "Muchome huyu mutoto apone."

Isidore hakufungua kisanduku. "Vidonge viko, sindano iko. Mama mutoto aseme."

"Vidonge," Alphonsine akasema.

"Wewe?" Koko akaangua kicheko. "Wewe uliyesema kidonge ni cha kudanganya watoto? Leo kumetokea nini?"

Émérence naye alikuwa akimtazama. Alphonsine angeweza kusema chochote, maana maneno hayakuwahi kumpungukia.

"Haikuwa homa," akamwambia binti yake. "Papa Isidore alileta vidonge. Ni mimi nilitaka sindano. Na ni mimi niliachia miguu yako."

Koko akamfunika mtoto, akamweka mapajani mwa Alphonsine. Isidore akasaga kidonge kijikoni, akakichanganya na maji na sukari. Émérence aliuinua mguu wake kwa mikono miwili, akaugeuzia upande wa pili, mbali na mama yake.

Florent akatema dawa, akajipinda kwenye mapaja ya mama.

"Mushike vizuri," Émérence akasema, bila kumtazama. "Usimuachie."