Tulichinja ng'ombe wa msiba bila kumsubiri Baba Zuhura

Wakuu, kamwene.

Kisa hiki kinanihusu mwenyewe na sitajipamba. Lawama ni zangu.

Kwetu ni Igowole, Mufindi. Mtaa wetu wote ni Wakristo, isipokuwa nyumba moja ya Kiislamu, ya Baba Zuhura, muuza vitenge. Tangu nikiwa mdogo, kukiwa na shughuli anaitwa yeye kuchinja ili wote tule sufuria moja. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ndivyo tulivyoishi.

Baba yangu akafariki. Nikatoka Iringa mjini kusimamia msiba, na ujuaji wangu wa mjini.

Asubuhi ya mazishi, Baba Zuhura alikuwa makaburini anachimba na wenzake. Wapishi wakaniuliza kama tumsubiri.

Nikawajibu, "Si mmoja tu? Atakula maharage. Chinjeni."

Alirudi na udongo miguuni, akapita kwake kuchukua kisu. Kufika, nyama inachemka. Alikula ugali na maharage, akanipa pole, akaondoka.

Mimi nikajua yameisha.

Msiba uliofuata pale mtaani alikuja na hotpoti lake. Akakaa pembeni, akafungua wali wake. Nikamfuata kumuuliza kulikoni.

"Sitaki kuwasumbua, mwanangu," akasema. "Nyama hata kwangu ipo. Nilikuwa nakuja kula na nyie."

Niliona aibu sana wakuu. Maana na mimi nilishapanga chumba Mbeya, wenzangu wakihamia kuongea Kinyakyusa najifanya niko bize na simu. Uchungu wenyewe nilikuwa naujua kabisa.

Tulipojengea kaburi la baba, nilimfuata kwake alfajiri na baridi ile ya Mufindi, nikaomba msamaha, nikamwomba aje achinje. Akasema ameshasamehe. Watu walinung'unika kumsubiri ajiandae, ila tulisubiri. Akaja, akachinja, tukala wote sufuria moja.

Nilifurahi, mpaka nilipomwona mkewe. Chini ya kiti chake, ndani ya khanga, kulikuwa na hotpoti. Hawakulifungua, lakini walikuja nalo.

Somo nililopata: sisi tulio wengi tukikosea, tunasahau siku hiyo hiyo. Aliye mmoja anaanza kutembea na chakula chake.

Nyie mliowahi kuishi mkiwa wachache mahali, karibuni mseme. Ilichukua muda gani mkaacha kubeba hotpoti?