Bashi Juu ya Matuta ya Nyanya

Tulipokimbia vita huko Masisi, tuligawiwa bashi kambini, lile turubai jeupe la plastiki, na tukalala chini yake muda mrefu. Tulipofika Ntoto, huku Walikale, mama mmoja mjane alitupa chumba cha udongo chenye paa la majani na kipande cha shamba nyuma ya nyumba yake. Bashi tukalikunja, tukaliweka chini ya kitanda. Mume wangu alikuwa akilitoa mara kwa mara, analikagua kama halijatoboka, analikunja tena.

Nyanya zangu za kwanza pale ziliharibika zote. Mvua ya Walikale ni nzito. Ilirusha tope hadi kwenye majani, yakatoka madoa, na matunda yakaoza upande uliogusa ardhi. Halafu siku moja, nikiwa njiani kupeleka mihogo sokoni Mubi, niliona shamba la mfanyabiashara mmoja. Matuta yalifunikwa plastiki nyeusi, kila mche umetokeza kwenye tundu lake, majani safi kabisa. Nilirudi nyumbani na wazo moja tu.

"Hapana," mume wangu akasema. "Ile bashi njo nyumba yetu."

"Nyumba iko hii."

"Hii iko ya Mama mwenye alitupokea. Tukikimbia tena, batoto tutabafunika na nini?"

Lakini asubuhi moja, alipokwenda msituni kupasua mbao, nilitandaza bashi juu ya matuta, nikakandamiza kingo zake kwa udongo na kutoboa matundu kwa msumari wa moto. Aliporudi alisimama akayatazama yale matundu. Alikula akiwa amenipa mgongo.

Miche ilishika vizuri. Ukifunua pembeni, magugu ya chini yalikuwa manjano, yamelegea, na udongo ulikuwa na unyevu hata jua likiwaka. Ila mimi sikutulia. Nikisikia pikipiki inakuja mbio, nikidhani inaleta habari za vita, macho yangu yalikwenda kwenye matuta kabla ya kuwatafuta watoto. Nilikuwa nikijiuliza itachukua muda gani kulikunja lile bashi.

Nyanya zikiwa bado mbichi, watu walianza kupita wakikimbia kutoka upande wa Buleusa, magodoro kichwani. Mume wangu alifika kutoka msituni anahema, akaenda moja kwa moja shambani, akashika ncha ya bashi na kuvuta. Miche mingi ikang'oka nalo.

"Acha kwanza," nikamwambia.

"Shika huko, uvute."

Nilishika, nikavuta. Tulilikunja na matope yake yote, tukalifunga kwa kamba, tukakaa mlangoni na watoto wamevaa viatu. Hakuna aliyekuja. Kesho yake wale watu wakapita tena na magodoro yao, wakirudi kwao.

Yule mjane alinikuta nikisimamisha miche iliyobaki. Alikuwa na mzigo wa majani makavu ya migomba mgongoni.

"Mama, funika na hii," akaniambia. "Siku ya kukimbia utaiacha tu."

Tuliyatandaza pamoja, tukizungushia kila shina. Hayakuwa safi kama plastiki. Konokono walijificha humo, kuku wakachakura, na baada ya wiki chache yalikuwa yameoza, ikabidi kuongeza mengine. Hata hivyo tope halikuruka tena, na nyanya chache zikaiva. Mume wangu alikula moja akiwa amesimama shambani, na chumvi mkononi. "Iko tamu," akasema, kisha akaenda kuziba matundu ya bashi kwa plastiki iliyoyeyushwa.

Siku hizi huleta mwenyewe majani ya migomba, na ameanza kuzungumza habari za kununua mabati. Mimi namsikiliza tu. Nguo za watoto bado nazihifadhi kwenye gunia karibu na mlango, na kila nikipanda miche mipya najiuliza ni nani atakayeivuna.