Nilimshusha Mke Wangu Mjamzito Ili Gari Langu Jipya Lisiaibike

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Mke wangu yuko kwao Katumba Songwe wiki ya tatu sasa, na mimi hapa Kyela natoka nje, naingia ndani, naosha gari ambalo halijachafuka.

Gari lenyewe ndilo hilo! Niliuza pikapu yangu kuukuu nikanunua hili la viti vitano, fupi lakini limeinuka, ambalo kila mwalimu na mfanyabiashara analitamani siku hizi. Na jamani, nililipima! Nililipitisha kwenye tope la Njisi, halikugusa chini. Mafuta linanusa tu. Nyuma nikapakia magunia mawili ya mpunga, mlango ukafunga. Nikatamba kijiweni: hili ndilo gari la mtu wa kawaida, familia nzima safari moja!

Kumbe kuna kitu sikukipima.

Kwetu Wanyakyusa, mke hakai karibu na baba mkwe wake wala hamtazami usoni. Wengi wameacha, ila baba yangu hajaacha, na mke wangu amelelewa hivyo hivyo. Enzi za pikapu mzee alikaa mbele na mimi, mke wangu nyuma kwenye bodi na mama, ukuta wa chuma katikati, kila mtu na heshima yake.

Siku hiyo mzee alikuwa anapeleka mguu wake hospitali, mke wangu anakwenda kliniki, mimba ya miezi minane. Mvua inanyesha. Mke wangu ameshakaa kiti cha nyuma. Mzee akafungua mlango, akamwona, akageuka upesi kuangalia migomba.

"Tangulieni, mwanangu. Utarudi kunichukua, sina haraka."

Mungu wangu, kiburi! Majirani walikuwa barazani wanatazama. Nimetamba safari moja, leo niende mbili? Nikamgeukia mke wangu: "Basi shuka wewe. Bodaboda zipo."

Alijifunika kitenge kichwani, akashuka. Nikaondoka na mzee huku nalisifia gari.

Bodaboda iliteleza kabla haijafika kwenye lami, wakaanguka. Mtoto alizaliwa siku hiyo hiyo, mdogo, anaenea kwenye viganja viwili. Yu hai, namshukuru Mungu! Lakini mama yake alipotoka hospitali alikwenda kwao, si kwangu.

Juzi niliwafuata, na gari hilo hilo, mjinga mimi. Mke wangu alitoka na mtoto kifuani, akalizunguka taratibu kama mtu anayetaka kununua.

"Ndaga kwa kuja," alinishukuru, hata hasira hana. "Sasa baba akiwemo humo, mimi utaniweka wapi?"

Nikageuza gari nikarudi peke yangu, viti vinne vitupu.

Ndugu yangu unayekagua magari, kabla hujauliza linakula mafuta kiasi gani, wapange watu wako humo ndani mmoja mmoja, na heshima zao. Wasipoenea, nenda safari mbili. Ile ya pili ingenichukua nusu saa tu.